Yumbe: Nyumba ya Tatu ya Ugenini

Msafiri anayetoka Kampala kwenda West Nile huvuka mto Naili mara mbili. Mara ya kwanza ni Karuma, ambako maji hupita kwa kishindo katikati ya mawe, na nyani hukaa kando ya barabara wakingoja ndizi za abiria. Mara ya pili ni Pakwach, ambako mto umetulia na kupanuka. Ng'ambo ya daraja la Pakwach nchi hubadilika. Migomba hutoweka, na mahali pake huja mihogo, mtama, ufuta na miembe. Chini ya mwembe watu wa huko huamua kesi, husali, hufundisha watoto, husubiri basi na hulala usingizi wa mchana, nao mwembe usio na mtu chini yake humfanya mgeni aulize kumetokea nini.

Mwandishi wenu alipita njia hiyo mwezi wa Agosti 2023. Kutoka Arua hadi Koboko barabara ilikuwa ya lami. Kutoka Koboko kwenda Yumbe ilikuwa ya murram, na vumbi lake jekundu humwingia mtu hata mahali alipofunika kwa kitambaa. Shabaha ya safari ilikuwa kuona jinsi wazee wanavyoishi katika makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi. Habari za wakimbizi huandikwa sana kwa hesabu, na picha zake huwa za watoto. Mzee mwenye miaka sabini na zaidi, ambaye amevuka mpaka kwa miguu na hajui kama atauvuka tena kurudi, ni nadra kuulizwa neno.

Kwanza hapana budi kuueleza mpaka wenyewe, kwa sababu pasipo kuujua mambo ya Yumbe hayafahamiki. West Nile ilikuwa sehemu ya nchi iliyoitwa Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliishika kwa mkataba mpaka alipofariki mwaka 1909. Mwaka 1910 nchi hiyo ikawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukatiwa katika Uganda. Hivyo mstari uliochorwa hapo una umri wa kizazi cha babu tu. Wakakwa wakajikuta katika nchi tatu: Koboko upande wa Uganda, Yei upande wa Sudan, na wengine Kongo. Wakuku wa Kajo-Keji nao wakawa ng'ambo ya mpaka na jirani zao wa Moyo. Mtu wa huko anaposema "nakwenda kwa shangazi," huenda anakwenda nchi ya kigeni.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979 na utawala wa Idi Amin kwisha, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire kwa hofu ya kulipiziwa kisasi. Mwezi wa Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliushambulia mkoa huo kutoka ng'ambo, na majeshi ya serikali ya wakati ule yalipoingia, raia ndio walioteketezewa nyumba. Watu wakahama maelfu kwa maelfu. Mji wa Arua ulibaki kama gofu. Waaringa wa Yumbe, Wakakwa wa Koboko, Walugbara na Wamadi walikaa ugenini miaka mitano, sita, wengine saba, wakilima mashamba waliyopewa kandokando ya Yei na Kajo-Keji. Walianza kurudi kwa wingi mwaka 1986 na baada yake, wakati vita vya Sudan navyo vilipowafikia huko walikokimbilia.

Basi mwezi wa Julai 2016 mapigano yalipozuka Juba na kusambaa katika majimbo ya Equatoria, waliokuja safari hii walikuwa wale wenyeji wa zamani. Mwezi wa Agosti mwaka huo makazi ya Bidi Bidi yakafunguliwa wilayani Yumbe, katika pori la miti mifupi na mawe. Yalipofika mwisho wa mwaka yalikuwa na zaidi ya watu 250,000, na hapo yakafungwa kwa wageni wapya. Waliofuata wakapelekwa Palorinya na kwingineko. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 250, limegawanywa katika kanda tano. Halina ukuta wala seng'enge. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi nchini Uganda kufanya kazi na kutembea, na Ofisi ya Waziri Mkuu humpa kiwanja cha kujenga. Lakini ardhi ya West Nile ni ya koo, si ya serikali. Pori lile lilikuwa na wenyewe, na wazee wa Aringa waliketi wakakubali kulitoa. Nilipowauliza baadhi yao sababu, hakuna aliyenitajia sheria. Walinitajia majina ya vijiji vya Yei.

Katika kanda mojawapo nilikutana na mama mmoja Mkakwa, ambaye sitamtaja jina. Wajukuu zake humwita haboba, kama Wasudani wamwitavyo bibi. Mwenyewe alinisalimu kwa Kiswahili kilichonyooka, cha kukata maneno, na nilipostaajabu akacheka.

"Hiki ni Kiswahili cha zamani, mwanangu," alisema. "Nilikipata kwenu."

Alikipata hivi. Mwaka 1965, vita vya kwanza vya Sudan Kusini vilipopamba moto na vijiji vikachomwa, yeye alikuwa mke mpya mwenye mtoto mmoja mgongoni. Wakakimbilia Uganda. Mumewe akapata kibarua cha kukata miwa Busoga, na katika kambi za wafanyakazi, ambako Mlugbara, Msoga, Mkakwa na Mjaluo walikaa ukuta kwa ukuta, lugha iliyowapatanisha ilikuwa Kiswahili. Hiyo ikawa nyumba yake ya kwanza ya ugenini: chumba kimoja cha kampuni, chenye namba mlangoni. Mwaka 1972 mapatano yakatiwa sahihi Addis Ababa, na mwaka uliofuata wakarudi Yei.

Miaka ile ya kati ndiyo anayoieleza kwa furaha. Walipanda kahawa kidogo, mihogo mingi. Mwaka 1980 Waganda wakaanza kupita mlangoni kwake na magodoro vichwani. Mumewe aliwapa familia mbili kipande cha shamba upande wa mto, na yeye akawapa vipando vya mihogo. "Nao walikuwa na wazee," alisema. "Kulikuwa na mzee mmoja alikuwa hali mpaka alishwe na mwanawe, naye mwanawe alikwisha kufa njiani. Nikawa namlisha mimi."

Vita vya pili, vile vilivyoanza mwaka 1983, vilimtoa tena. Mwaka 1994 alikuwa Ikafe, makazi yaliyofunguliwa mwaka huo kwa ajili ya Wasudani katika nchi hiyo hiyo ya Aringa. Akajenga nyumba yake ya pili. Mwaka 1996 waasi wa West Nile Bank Front wakaanza kuishambulia Ikafe, makazi yakavunjika, na yeye akakimbia mara nyingine, safari hii akiwa mkimbizi anayekimbia makazi ya wakimbizi. Mwezi wa Machi 1997 SPLA ilipouteka mji wa Yei, akarudi kwao. Mwaka uliofuata mumewe akafariki, akazikwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe alioupanda mwenyewe. Kaburi hilo tutalirudia.

Askari wasomaji wa gazeti hili watakumbuka hali ya usalama ya miaka hiyo upande huu wa mpaka. Wilaya ya Yumbe haikutulia sawasawa mpaka kundi la UNRF II lilipotia sahihi mkataba wa amani na Serikali mjini Yumbe, mkesha wa Krismasi mwaka 2002. Pasipo mkataba ule, sioni jinsi watu robo milioni wangepokelewa hapo miaka kumi na minne baadaye. Ni kazi ambayo haitajwi sana.

Nyumba yake ya tatu ya ugenini ilianza kama zilivyoanza zote za Bidi Bidi: nguzo chache, turubai moja, sufuria, blanketi, panga na dumu la maji, katika kiwanja cha mita 30 kwa 30. Alifika mwezi wa Septemba 2016 na wajukuu wanne. Barabara ya Kaya ilikuwa na hatari, wakapita porini. Wazazi wa watoto hao, mmoja alikufa, mwingine haijulikani alipo. Mambo kama hayo si ya pekee. Bidi Bidi imejaa nyumba ambazo mkubwa ni bibi na anayemfuata kwa umri ni mtoto wa darasa la tano. Siku zile za mwanzo maji yaliletwa kwa magari, na foleni ya madumu iliweza kulala mpaka kesho yake.

Nataka kueleza kidogo mambo ya nyumba hiyo, kwa kuwa kurasa hizi ni za nyumbani, na kwa kuwa wengi wetu tuna wazee tuliowahamisha kutoka kijijini kuja kukaa nasi katika nyumba za kambi za jeshi na polisi, ambao nao wamefika ugenini kwa namna yao.

Kwanza, mlango. Kibanda cha turubai huingiwa kwa kuinama, na mzee mwenye maumivu ya kiuno akiinama mara kumi kwa siku, mwishowe hubaki ndani. Mama yule alipojengewa nyumba ya matofali mabichi na nyasi, jambo la kwanza alilolidai ni mlango wa kumpita akiwa amesimama, na kiambaza kirefu cha udongo pembeni mwake cha kukalia. Fundi alinung'unika kwamba mvua itaingia. Mvua huingia kweli, kidogo. Lakini tangu hapo yeye hukaa nje, na anayekaa nje husalimiwa na kila apitaye.

Pili, choo. Kilichimbwa mbali kwa ajili ya usafi, jambo lililo sawa, lakini usiku hakuna taa. Wajukuu walisimamisha vijiti toka mlangoni hadi chooni na kufunga kamba ya katani, naye huifuata kwa mkono gizani. Sijaona kitu rahisi kuliko hicho, wala chenye manufaa zaidi kwa mtu asiyeona vizuri.

Tatu, chakula. Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020, na mwezi wa Februari 2021 upungufu ukafika asilimia 40 kwa sababu fedha hazikutosha. Mwezi wa Julai 2023, kabla tu ya safari yangu, wakimbizi walikuwa wamegawanywa mafungu matatu kwa kadiri ya shida zao. Nafaka nayo huja punje nzima. Kijana huibeba mashineni na kulipa kwa fedha alizopata kibaruani. Mzee asiye na fedha huuza bakuli moja ili asage mawili. Mama yule alikataa hesabu hiyo. Alitafuta jiwe bapa mtoni, akasaga kwa mikono, na majirani walipoona ukaja mtindo wa kumletea mtama na karanga awasagie kwa ujira wa kikombe kimoja. Aliyafundisha mabinti watatu wa jirani kupika kisra nyembamba juu ya bamba la chuma, kwa sababu mama zao walikufa au walibaki nyuma na wao hawakupata kuifunzwa.

Nilimwuliza ni lini aliona kwamba pale ni nyumbani. Nilidhani atanitajia siku ya paa au siku ya mlango. Akafikiri, akasema: "Siku niliyogombana."

Aligombana juu ya kuni. Kuni ni chanzo cha magomvi mengi kati ya wakimbizi na wenyeji wa Yumbe, na sajini mmoja wa kituo cha polisi cha makazi aliniambia kwamba wizi humsumbua kidogo kuliko miti iliyokatwa na mbuzi waliokula mihogo. Mama yule alikuwa ameokota matawi makavu katika ardhi ya mzee mmoja Mwaringa, naye mzee akamkuta na kumfokea. Mama hakunyamaza. Alimwambia kwa Kiswahili, mbele ya watu, kwamba mwaka 1980 kwao Yei hakuna Mganda aliyefokewa kwa ajili ya kuni.

Mzee yule akakaa chini. Alikuwa askari zamani, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini. Mwaka 1980 alikimbia na mkewe na mama yake mzazi, wakaishi karibu na Yei miaka sita. Waliulizana majina ya masoko, ya mapadri, ya mito. Hawakuwa wamejuana, vijiji vyao vilikuwa mbalimbali. Lakini soko lilikuwa moja, na wote wawili walimkumbuka muuza chumvi mmoja mwenye mizani ya hila. Wakacheka mpaka watoto waliokusanyika kutazama ugomvi wakaondoka kwa kuchoka.

Tangu msimu ule mzee alimpa mama kipande cha shamba nje ya makazi, nusu ekari hivi, alime karanga na ufuta. Kawaida ya Yumbe ni mkimbizi kulipa kodi ya shamba kwa fedha au kwa sehemu ya mavuno. Mzee hakupokea kitu msimu wa kwanza. Msimu wa pili alipokea debe moja la karanga. Na tangu wa tatu wanagombana kila mwaka, mama akitaka kulipa zaidi na mzee akitaka chini ya hapo. Nilipofika, karanga za msimu wa kwanza zilikuwa zimeng'olewa na kuanikwa juu ya paa, na ufuta ulikuwa unaota. Mzee alikuja kutazama paa hilo, akakaa kwenye kiambaza akiegemea fimbo yake, na mama akamwambia mjukuu alete chai.

Hapo ndipo lilipotajwa shauri la kaburi, nami nalieleza kama nilivyolisikia, kwa kuwa kwa wazee wa makazi ni zito kuliko la chakula. Mkimbizi akifa, jamaa wenye uwezo hujaribu kumvusha mpaka akazikwe kwao. Wasio na uwezo huzika ugenini. Lakini kaburi katika desturi za watu hao ni alama ya mwenye ardhi, na wenyeji wengine huona hofu kwamba makaburi yakizidi, wajukuu watakuja kudai kiwanja. Hofu hiyo nayo si ya bure. Koo zimewahi kushitakiana kwa ajili ya kaburi moja.

Mjukuu mkubwa wa mama, kijana wa miaka 19, alikuwa ametoka Yei mwezi mmoja kabla ya mimi kufika. Alikwenda kuangalia. Aliikuta nyumba imeanguka na shamba limekuwa msitu, lakini mwembe upo, na kaburi la babu yake lipo, limezungukwa na magugu. Aliling'olea magugu kwa siku mbili. Shauri lake ni kwamba bibi asirudi akiwa hai, maana barabara si salama kwa mzee na huko hakuna zahanati. Ila akifariki yeye atamchukua, awekwe kando ya mumewe.

Mama alimsikiliza akaweka kikombe chini. "Utanibeba kwa nini?" aliuliza. "Kwa baiskeli?" Kijana hakujibu. Gari la kuvusha maiti ni fedha nyingi, na wao hawana hata mbuzi. Naye mama aliendelea, bila huzuni, kama mtu anayepanga kazi za kesho. Alisema akiuza karanga na kondoo na nini tena ili maiti yake ipelekwe Yei, watoto hawa watasoma kwa nini? Mume wake anajua alipo. Yeye ataka kuzikwa mwisho wa shamba la ufuta, mahali wajukuu watakapopita kila siku wakienda kupalilia. Kisha akamgeukia mzee wa Aringa: "Lakini shamba ni lako, baba. Sema wewe."

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa na jibu lake mwenyewe, nalo lilionekana usoni, lakini ardhi si yake peke yake. Alisema mama yake mzazi alifia Yei mwaka 1983 na amezikwa huko, katika shamba la mtu ambaye hakudai kitu; jambo hilo atalisema mbele ya ukoo. Wadogo zake wawili watakubali. Kuna mmoja, mtoto wa baba mkubwa, ambaye hakuwahi kukimbia kwa kuwa alizaliwa baadaye, huyo ndiye atakayeleta maneno.

"Mtakaa lini?" mama aliuliza.

"Baada ya ufuta kuvunwa. Kabla ya hapo watu wana kazi."

"Basi nitangoja mpaka Desemba," alisema mama, na wote tukacheka, hata kijana.

Asubuhi iliyofuata niliendelea na safari kwenda Moyo, kisha nikateremka hadi Laropi ambako kivuko huchukua magari kuyapeleka ng'ambo ya Naili, upande wa Adjumani. Mama alikuwa amenipa karanga katika kifuko cha nailoni, za kukaanga, zisizo na chumvi. Alisema chumvi nitaitafuta mwenyewe, nikipata muuzaji mwenye mizani ya kweli.